Msimu Mmoja wa Mpira: Timu ya Shule Inaweza Kufanya Nini kwa Amani ya Lubumbashi?

Uwanja wa ndege wa Luano, upande wa kaskazini-mashariki wa mji wa Lubumbashi, ni mlango wa mambo mawili yaliyo mbali sana. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo, aliteremshwa hapo akiwa mfungwa pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito. Usiku uleule wote watatu waliuawa. Luano hiyohiyo ndiyo mlango wa vikombe ambavyo klabu ya TP Mazembe imevitwaa ugenini, kama Kombe la Klabu Bingwa Afrika lililokamilishwa Tunis mwaka 2010 na Kombe la Shirikisho lililokamilishwa Pretoria mwaka 2017. Siku kama hizo mashabiki wa Lubumbashi hushangilia pamoja, na hakuna anayemwuliza jirani yake babu yake alizaliwa wapi.

Sisi tunaofanya kazi ya kujenga amani tunaipenda sana picha hiyo ya pili. Mara nyingi tumesikia ikisemwa kwamba mpira unaunganisha watu. Basi katika makala hii tunajiuliza: ni kweli? Na kama ni kweli, ni nini hasa kinachounganisha? Je, ni kikombe, ni furaha ya siku moja, au ni kitu kingine kinachotendeka polepole katika msimu mzima? Historia ya Lubumbashi ina mengi ya kutufundisha, kwa sababu klabu hiyo kubwa ilianza ikiwa timu ya shule.

Msimu wa mwaka 1939

Mwaka 1939 mji uliitwa Élisabethville na nchi ilikuwa koloni la Ubelgiji. Mapadre Wabenedikto walikuwa wakiongoza Taasisi ya Saint-Boniface. Walitaka wanafunzi wasioelekea upadre wawe na shughuli nyingine nje ya masomo, wakaunda timu ya mpira. Timu ilipewa jina la Saint-Georges, mtakatifu msimamizi wa maskauti. Iliingia moja kwa moja katika daraja la kwanza, na mwisho wa msimu ikashika nafasi ya tatu.

Mwaka 1944 timu ilibadilishwa jina ikawa Saint-Paul. Miaka kadhaa baadaye wachezaji wasiokuwa wa shule walianza kuingizwa, na mapadre wakaachia uongozi. Timu ikachukua jina la Englebert, kampuni ya matairi iliyoidhamini. Baada ya uhuru wa mwaka 1960 ikaongezewa sifa ya "Tout Puissant", yaani Mwenye Nguvu Zote. Ikatwaa ubingwa wa klabu za Afrika mara mbili mfululizo, mwaka 1967 na 1968, na baadaye ikawa TP Mazembe tunayoijua.

Mwaka huohuo wa 1939 ilizaliwa pia Saint-Éloi, ambayo leo ni FC Saint-Éloi Lupopo, mpinzani mkubwa wa Mazembe mjini. Hadi leo Lupopo huitwa "Cheminots", yaani wafanyakazi wa reli. Kwa hiyo moja ya timu hizi mbili ina mizizi yake shuleni, na nyingine inabeba jina la watu wa kazi.

Jambo hili lina maana kubwa. Reli kutoka Rhodesia ilifika Élisabethville mwaka 1910. Kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilihitaji wafanyakazi wengi kuliko waliopatikana karibu na machimbo. Wengine walitoka Rhodesia ya Kaskazini, wengine Rwanda, na wengi sana walitoka Kasai, hasa reli ya kwenda Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, ilipokamilika mwaka 1928. Watu hao walikutana katika makambi ya wafanyakazi, na Kiswahili kikawa lugha yao ya pamoja. Darasani na kazini ndiko watoto na watu wazima wa asili mbalimbali walikowekwa pamoja kila siku, wapende wasipende. Timu za mpira zilizaliwa katika mji wa namna hiyo.

Kwa nini msimu, na si mchezo mmoja

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport aliandika kuhusu swali ambalo wajenga amani bado wanaliuliza: watu wa makundi yanayodharauliana wakikutana, chuki hupungua lini? Jibu lake lilikuwa kwamba kukutana peke yake hakutoshi. Sokoni watu hukutana kila siku na bado hudharauliana. Alitaja masharti manne.

1. Wanaokutana wawe na hadhi sawa wakati wa kukutana.
2. Wawe na lengo moja.
3. Lengo hilo lisifikiwe bila kusaidiana.
4. Wenye mamlaka, kama vile wazazi, walimu, viongozi wa dini na serikali, waunge mkono waziwazi.

Timu ya shule inaweza kutimiza masharti yote manne. Jezi ni moja, na mtoto wa mkubwa na mtoto wa mchuuzi hukimbia uwanja uleule. Lengo ni moja. Mshambuliaji hafungi asipopewa pasi. Mwalimu mkuu anakaa pembeni akiangalia.

Lakini haya hayajengeki kwa alasiri moja. Mchezo mmoja wa "kirafiki" kati ya vijana wa jamii mbili hupigwa picha nzuri, halafu kila mmoja hurudi kwao. Msimu una mazoezi ya Jumanne na Alhamisi, una kufungwa mabao manne na kurudi mazoezini wiki inayofuata, una kumsubiri mwenzako aliyeumia goti. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika msimu siku ya tatu hufika: anayeitwa mgeni hupewa kazi ya kufanya, na wenzake humhesabu kwa kazi hiyo.

Ndiyo maana tunaona nafasi ya tatu ya Saint-Georges inafaa kukumbukwa. Timu haihitaji kikombe ili msimu wake uwe na faida.

Hata hivyo tusiipambe historia. Shirikisho la wakati ule lilikuwa na neno "wenyeji" ndani ya jina lake, kwa sababu Waafrika walikuwa na mashindano yao na Wazungu walikuwa na yao. Ndani ya timu wachezaji wangeweza kuwa sawa, lakini mpira wenyewe ulikuwa umegawanywa kwa rangi. Sharti la kwanza la Allport lilivunjwa kabla mpira haujapulizwa upepo.

Mpira haukuzuia mwaka 1992

Iwapo kushangilia timu moja kungetosha kuleta amani, Katanga isingepitia yaliyotokea mwaka 1992 na 1993. Wakati huo jimbo liliitwa Shaba. Mwezi Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Kitaifa mjini Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mwenye asili ya Kasai, kuwa Waziri Mkuu, nafasi iliyokuwa ya Nguz Karl-i-Bond wa Katanga. Maneno ya chuki dhidi ya Wakasai, ambayo tayari yalikuwa yakisemwa hadharani na wanasiasa, yaligeuka vitendo. Likasi, Kolwezi na kwingineko watu walifukuzwa katika nyumba na kazi zao. Maelfu kwa maelfu walilala kwenye vituo vya reli wakisubiri treni za kuwapeleka Kasai, mahali ambapo wengi hawakuwahi kuishi kwa sababu wao na wazazi wao walizaliwa Katanga. Wengi walifariki njiani na vituoni kwa njaa na magonjwa. Waliofukuzwa walikuwa mamia ya maelfu.

Kati yao walikuwamo watu waliokuwa wameshangilia timu zilezile na majirani waliowafukuza. Somo ni gumu lakini lazima tulitaje: furaha ya uwanjani haikugeuka yenyewe kuwa ulinzi wa jirani. Maneno "mwenyeji" na "mgeni" bado husikika Lubumbashi, hasa siasa inapopamba moto. Kwa hiyo anayetaka kutumia mpira kwa ajili ya amani ni lazima ajue ni kitu gani mpira unaweza, na ni kitu gani hauwezi.

Utafiti unatuambia nini

Kuna tafiti mbili ambazo tunadhani kila mwalimu wa michezo angefaa kuzijua.

Ya kwanza ilitoka Iraki na ilichapishwa na Salma Mousa mwaka 2020 katika jarida la Science. Baada ya vita vya kundi la Dola la Kiislamu, Wakristo waliokuwa wamekimbia makwao waliandaliwa ligi za mpira za miezi miwili. Timu zilikuwa 51. Kwa kura, baadhi ya timu zilipewa wachezaji wengine Wakristo, na nyingine zilipewa wachezaji Waislamu. Mwisho wa msimu, Wakristo waliocheza na Waislamu walikuwa tayari zaidi kumpigia Mwislamu wa timu nyingine kura ya mchezaji mwenye nidhamu, kujiandikisha tena katika timu ya mchanganyiko, na kuendelea kufanya mazoezi na Waislamu hata miezi sita baadaye. Lakini nje ya uwanja mambo hayakubadilika sana. Kukaribishwa kwenye mkahawa katika mji wenye Waislamu wengi, au kwenye tafrija ya mchanganyiko, hakukuwavuta zaidi ya wenzao.

Ya pili, ya mwaka 2020 pia, iliangalia timu za taifa za Afrika kusini mwa Sahara. Watafiti Depetris-Chauvin, Durante na Campante waligundua kwamba watu waliohojiwa mara baada ya ushindi muhimu wa timu ya taifa walijitaja kidogo zaidi kwa kabila lao, na waliwaamini zaidi watu wa makabila mengine. Nchi zilizofuzu kwa taabu kwenda Kombe la Mataifa ya Afrika zilipata mapigano machache katika miezi sita iliyofuata kuliko zile zilizokosa kidogo tu.

Tukiziweka pamoja tunaona hivi: ushindi huleta joto la muda, na msimu wa pamoja hujenga urafiki wa kweli kati ya wanaocheza. Lakini urafiki huo hauvuki uzio wa uwanja wenyewe. Ni lazima mtu aujengee daraja.

Namna ya kupanga msimu wa shule

Kwa shule na vikundi vya vijana vya Luano, Kampemba, Katuba au Ruashi, na hata kwingineko, tunapendekeza mambo yafuatayo.

*Timu ziundwe kwa kura.* Kosa linaloonekana mara nyingi ni kupanga timu ya jamii moja icheze na timu ya jamii nyingine, kisha kuuita mchezo huo "mchezo wa amani". Hapo tumekwisha kuwapanga vijana katika mistari ya ugomvi uleule, na tumewapa sababu ya kushindana. Andika majina yote, changanya, gawanya. Mpinzani wa Jumamosi awe ni timu ya bluu, asiwe kabila.

*Ratiba iwe fupi lakini kamili.* Timu sita zenye wachezaji 16 kila moja zinawaingiza vijana 96. Kila timu ikikutana na nyingine mara mbili, kila moja itacheza mara 10, na michezo yote ni 30. Kwa michezo mitatu kila Jumamosi, msimu unamalizika kwa wiki 10. Mvua kubwa za Lubumbashi huja kati ya Novemba na Machi, kwa hiyo anzeni Aprili ili mmalize kabla ya mitihani ya mwisho wa mwaka wa masomo.

*Pointi zisitokane na mabao tu.* Huko Nairobi, Chama cha Michezo cha Vijana wa Mathare, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilizipa timu pointi katika msimamo wa ligi kwa kufanya usafi wa mitaa yao. Timu iliyozembea kazi ya jamii ilishuka kwenye jedwali hata kama inafunga mabao mengi. Hapa ndipo daraja tulilolitaja linapojengwa: vijana waliopasiana mpira Jumamosi wanashika majembe pamoja Jumapili alasiri, kusafisha mfereji wa mtaa wa mmoja wao. Wazazi wanawaona wakiwa pamoja nje ya uwanja.

*Vijana wajifunze kuamua ugomvi wenyewe.* Medellín, nchini Kolombia, baada ya mchezaji Andrés Escobar kuuawa mwaka 1994, ulianzishwa mpira wa mitaani usio na mwamuzi. Timu zilichanganya wavulana na wasichana. Kabla ya mchezo, timu mbili zilikaa kukubaliana kanuni. Baada ya mchezo zilikaa tena, pamoja na msuluhishi, kujadili kama kanuni zilifuatwa na kugawa pointi za nidhamu. Si lazima kumwondoa mwamuzi katika ligi yenu, lakini dakika 15 za kikao kabla na baada ya mchezo hazigharimu chochote.

*Wasichana wawemo tangu mwanzo.* Mwezi Novemba 2024 timu ya wanawake ya TP Mazembe ilitwaa Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya Afrika kwa kuifunga AS FAR ya Moroko bao 1 kwa 0. Hakuna tena sababu ya kuwaambia wasichana wa Lubumbashi kwamba kazi yao ni kushangilia.

*Walimu na wazazi wajitokeze.* Sharti la nne la Allport halitimizwi kwa barua ya ruhusa. Mzazi aje aone mwanawe akikumbatiana na nani bao linapofungwa.

Hatari za kuangalia

Mpira ukiwa na nguvu ya kukusanya watu, una nguvu pia ya kukusanya hasira. Tarehe 18 Desemba 2010 Mazembe, klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ilifungwa na Inter ya Milano mabao 3 kwa 0 huko Abu Dhabi. Mwamuzi alikuwa Mjapani. Mjini Lubumbashi baadhi ya mashabiki walishambulia maduka ya Wachina, ambao hawakuhusika na mchezo kwa namna yoyote. Hivyo ndivyo chuki inavyofanya kazi: humtafuta aliye karibu anayefanana na anayelaumiwa. Kiongozi wa timu ya shule anapaswa kuzungumza na wachezaji na mashabiki kuhusu kushindwa kabla hawajashindwa.

Hatari ya pili ni namna umati unavyosimamiwa. Tarehe 11 Mei 2014, katika uwanja wa Tata Raphaël mjini Kinshasa, V.Club ilicheza na Mazembe. Vurugu zilipoanza polisi walirusha gesi ya kutoa machozi, watu wakakimbilia milangoni, na watu wapatao 15 wakafa. Hata kwenye uwanja wa shule, njia za kutokea ziwe wazi, na wanaolinda watulize watu badala ya kuwatisha.

Hatari ya tatu ni siasa. Katika Katanga mpira na uongozi vimekaa karibu: Moïse Katumbi, rais wa Mazembe tangu mwaka 1997, alikuwa pia gavana wa jimbo kuanzia 2007 hadi 2015. Hatusemi kwamba hilo ni kosa. Lakini ligi ya amani inayopokea jezi kutoka kwa mgombea mmoja itaonekana kuwa ligi ya upande mmoja, na vijana wa upande mwingine hawatakuja. Jezi za kununua kwa michango midogo ya wengi ni bora, hata zikiwa za bei rahisi.

Maswali ya kujadili katika kikundi chenu

1. Katika shule au mtaa wetu, ni vijana gani hawachezi pamoja? Kwa nini?
2. Timu zetu zimeundwaje? Je, jina, mtaa au lugha ya mtu huamua jezi atakayovaa?
3. Baada ya mchezo wachezaji wetu huenda wapi? Ni kazi gani ya pamoja inayoweza kuwakutanisha nje ya uwanja?
4. Siku mwanasiasa atakapowaambia vijana wetu kwamba mwenzao ni mgeni, tungependa wajibu nini? Tumewaandaa vipi?

Swali la nne ndilo zito kuliko yote. Mwaka 1992 lilikuja ghafla, na wengi walinyamaza. Hatuwezi kuahidi kwamba msimu wa wiki 10 utamfanya kijana asimame mbele ya umati kumtetea aliyekuwa akimpa pasi. Tunachoweza kusema ni kwamba atakuwa anamjua kwa jina, anajua anapoishi, na mama yake amewahi kumpa maji ya kunywa. Tunawaomba walimu, makocha na wazazi wajadiliane kuhusu maswali haya kabla ya kupanga ratiba ya msimu ujao, na wawaite vijana wenyewe katika mjadala huo tangu siku ya kwanza.